Imla ya Dirishani

Mwalimu Septimus Crabtree alikuwa na tabia mbaya ya kuwaita wazazi saa ya chakula. Kengele ya kiwanda ikilia mchana, mfumaji ana dakika arobaini za kula, kunywa chai na kurudi mashineni kabla geti halijafungwa, na ndani ya dakika hizo hizo mwalimu anataka ukasimame mbele ya meza yake kama mshtakiwa. Dorcas Pilling aliitwa Jumatatu. Alikwenda na mkate wake umefungwa ndani ya shali, viatu vyake vya mbao vikigonga mawe ya Mtaa wa Kanisa, na mkate ule alirudi nao vile vile.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Binti yake Zillah, mwenye miaka kumi, hafai. Si mvivu, mwalimu alisema. Wavivu anawajua, na dawa yao anayo. Huyu hana kitu kichwani. Ukimwuliza mito mitano ya Uingereza anakukodolea macho. Ukimsomea imla anaandika maneno mawili, kisha anachungulia kibao cha jirani. Ukimchapa analia, na kesho yake ni yale yale. Ilibidi Dorcas amwombe arudie mara tatu, maana mwalimu alifuga ndevu na sharubu za kisasa, nene, zilizofunika mdomo wote, na maneno yalitoka humo yakiwa yameshachakaa. Mara ya tatu mwalimu alimtazama kwa jicho la kusema kwamba sasa ameelewa mtoto kaurithi wapi ujinga wake.

Kisha akamwonyesha barua. Mkaguzi wa serikali anakuja Alhamisi. Miaka ile shule ililipwa kwa kila mtoto aliyefaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi, na mwalimu aliyefelisha wengi alifunga virago. Orodha ya majina ilikwisha kupelekwa, kwa hiyo Zillah angekaa kwenye mtihani, apende asipende. Lakini akishindwa, barua ile ingekwenda kwa wasimamizi wa maskini, wenye amri juu ya watoto wa mafukara, kuwaarifu kwamba mtoto huyu ni taahira, na kuwashauri wampeleke kwenye nyumba ya mataahira ng'ambo ya vilima, akafundishwe kusuka vikapu. Ilibaki sahihi tu.

"Na kiwandani, Mwalimu?" Dorcas aliuliza. "Asubuhi ananisaidia mashineni."

"Bila karatasi yangu ya kila wiki hakuna mtoto anayegusa mashine, Mama Pilling. Sheria unaijua."

Aliijua, nani asiyeijua sheria hiyo mjini kwetu Rakesden? Watoto wetu walikuwa nusu siku kiwandani na nusu siku shuleni, na kilichoziunganisha nusu hizo mbili ni mkono wa mwalimu. Mtoto asiye na shule wala kiwanda, aliyeandikwa taahira na mtu mwenye cheti, ana mlango mmoja tu uliobaki wazi. Dorcas alikuwa mjane. Kikohozi cha vumbi la pamba kilimchukua mume, homa nyekundu ilimchukua mwana wa kwanza. Alibaki na Zillah, na kule kumwaza akipandishwa gari la wasimamizi kulimkata maini.

Tena hakuelewa. Hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi, kwamba hakuelewa kabisa huyo taahira anayesemwa ni nani.

Maana asubuhi, ndani ya banda la kufumia, hapakuwa na mtoto mwepesi kama Zillah. Mashine mia nne zinakwenda kwa pamoja, sakafu inatetemeka mpaka meno yanagongana, na hata ukipiga mzinga humo ndani hakuna atakayegeuka. Kwa hiyo sisi wa Rakesden hatusemi kwa koo. Tunasema kwa midomo, bila sauti, kila neno tunalifungua wazi kama mtu anayemwonyesha daktari meno, na mwenzako aliye mashine kumi mbele analisoma usoni mwako kama limeandikwa. Kwa namna hiyo mwanamke humweleza shoga yake, banda zima likiwa kati yao, nani ana mimba na ya nani, na nyapara anapita hapo katikati akifikiri watu wanafanya kazi. Na mazoea hayo hatuyaachi getini. Sokoni tunasema hivyo, kanisani tunasema hivyo, dirisha kwa dirisha tunasema hivyo. Kumwita mtu kwa nyuma kwetu ni ushamba; utamgusa bega, au utazunguka umwonyeshe uso wako.

Zillah aliyasoma maneno ya wanawake kutoka umbali ambao mama yake aliona midomo kama vidoa tu. Aliyacheka mambo ambayo hayakumfaa mtoto wa miaka kumi kuyacheka. Mtoto wa namna hiyo unamwitaje taahira? Dorcas aliona jibu ni moja: kiburi. Ana akili, ila kwa mwalimu ametia pamba masikioni makusudi.

Jioni ile alimkalisha jikoni, wakatazamana. Akamwuliza kwa nini hajibu akiulizwa.

"Mwalimu haulizi kitu, Mama," Zillah alisema kwa ile sauti yake ya chini isiyopanda wala kushuka. "Anatafuna tu."

Dorcas alimzaba kofi. Hakuwa na desturi hiyo, na mkono ulimwasha kuliko shavu la mtoto, lakini aliona dharau ikiachwa itaota mizizi. Zillah hakulia. Alimtazama mama yake mdomoni, akingoja maelezo, na maelezo hayakuja. Walikula viazi vyao, wakalala.

Jumanne saa nane mkanda mkuu wa injini ulikatika. Mashine zote zikazimika kwa mkupuo, ukaingia ule ukimya unaoumiza masikio, na wafumaji wakaambiwa waende nyumbani mpaka kesho. Wenziwe walikwenda kufua. Dorcas alikwenda shuleni. Alitaka kukiona kiburi hicho kwa macho yake, na ikibidi amtoe mtoto darasani kwa sikio.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, akasimama pale bila kubisha. Watoto sitini walikuwa wamempa mgongo, safu kwa safu. Mwalimu Crabtree naye alikuwa amewapa mgongo, ameukabili ubao, fimbo mkononi, akiwasomea imla ya mazoezi huku akielekeza kidole kwenye ramani. Vichwa sitini vimeinama, kalamu zinakwaruza vibao. Kichwa kimoja hakikuinama. Zillah, safu ya tatu, alikuwa ameinyoosha shingo yake yote, macho yamekazwa kwenye kisogo cha mwalimu, kwa bidii ambayo Dorcas hajaiona hata kwa mtu anayesali. Mwalimu alipogeuka kidogo upande, ndevu zilipanda na kushuka. Dorcas alijitahidi naye kushika neno. Hakushika hata moja. Aliona kitu kinatafunwa.

Alibaki pale pale mlangoni. Alifungua kinywa na kufanya jambo ambalo hakumbuki kama amewahi kulifanya tangu mtoto azaliwe. Alimwita kwa nyuma, kwa sauti.

"Zillah!"

Darasa zima liligeuka. Mwalimu aligeuka. Hata paka wa shule aliyelala juu ya sanduku la makaa aliinua kichwa. Zillah aliendelea kuutazama ubao. Mtoto aliyekaa kando yake, Marthann, ndiye aliyemgusa kiwiko, akageuka, akamwona mama yake mlangoni, na uso wote ukachanua kwa furaha ya kumwona.

Dorcas aliushika mwimo wa mlango. Ile homa nyekundu, mtoto alipokuwa na miaka minne na nusu: walimzika kaka yake Ijumaa, na Jumapili Zillah akaamka akaomba uji, wakapiga magoti kushukuru kwamba homa imemwachia mwili mzima. Kumbe ilikuwa imeshachukua chake. Na kwa miaka mitano na ushei hakuna aliyejua, kwa sababu katika mji wa watu wanaosema kwa macho nani angejua? Mwalimu wa zamani, Bibi Mawson, alikuwa binti wa mfumaji, naye alifundisha akiwatazama watoto na kuufungua mdomo kama tunavyofanya sote. Kwake Zillah alijua kusoma kabla ya wenziwe. Bibi Mawson aliolewa wakati wa Pasaka. Ndipo zikaja ndevu.

Na mimi nimempiga kofi, Dorcas aliwaza. Mimi mama yake nimempiga kwa kusema kweli.

Watoto walipotoka alimweleza mwalimu. Sitaki kumsingizia Septimus Crabtree. Hakuwa mtu katili. Alivua miwani, akasema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa na kanuni, na alipokwisha kusikitika alizirudia. Kiziwi si wa shule hii. Mkaguzi husoma imla mara mbili, kwa wote, basi. Kumnong'oneza mtoto mmoja au kumwonyesha ni wizi wa mtihani, na darasa zima hufutwa. Kwa hiyo Zillah atashindwa, na akishindwa barua itakwenda, ila neno moja litabadilishwa. Dorcas alimwuliza kama hawezi walau kumweka mbele na kumgeuzia uso. Mwalimu alizipapasa ndevu zake.

"Mimi, Mama Pilling, niko hapa nisikilizwe," alisema. "Siko hapa nitazamwe."

Jumatano mkanda mpya ulifungwa na mashine zikanguruma tena. Dorcas aliyatoa yote kwa Nan Ogden, jirani yake wa mashine, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali hata usipokuwa na sauti. Nan aliunganisha nyuzi mbili zilizokatika, akafuta mikono, akasema kwa midomo kwamba kwa ndevu zile hata Mungu huambulia nusu ya sala. Dorcas hakucheka. Nan alipoona hacheki alisogea karibu, akamwuliza dirisha la shule linalofunguka ni lipi.

Lilikuwa moja, lililo juu nyuma ya jukwaa la mwalimu. Watoto wakikaa wanalikabili. Mtu akisimama jukwaani analipa kisogo.

"Imla haina jibu, shoga," Nan alisema kwa midomo. "Mkaguzi akitamka, wewe tamka. Unaiba nini hapo? Kesho nitakushikia mashine zako."

Mashine nne zake na nne za Dorcas, nane kwa mtu mmoja, ni kazi ya kuvunja mgongo, na kuacha mashine bila ruhusa ni kosa la kufukuzwa. Wote wawili waligeuka, wakamkuta nyapara Jabez Holt amesimama mwisho wa mstari, ameona kila neno. Jabez hakuwa kama manyapara wengine: alizaliwa chini ya mashine, mama yake alikuwa mfumaji. Aliwatazama kwa uso mkavu.

"Saa moja tu," alisema kwa midomo. "Na mimi macho yananisumbua siku hizi." Akaenda zake.

Alhamisi mkaguzi alifika, Bwana Aldous Fenwick, kijana mrefu, mwembamba, amenyoa safi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea mimbari. Dorcas aliipata sauti hiyo vizuri hata kwa masikio yake yaliyochoshwa na mashine miaka ishirini. Alikuwa amesimama uani juu ya ndoo ya makaa iliyopinduliwa, vidole vimeshika kizingiti cha dirisha. Ndani alimwona Zillah, safu ya tatu, mweupe kama karatasi, kalamu mkononi. Zillah alimwona. Watoto wengine hamsini na tisa nao walimwona, na hakuna hata mmoja aliyefumbua kinywa.

Mkaguzi alipanda jukwaani, mwalimu kando yake, akatia pua kwenye karatasi yake na kuanza.

"Chuma huyeyuka kwa moto mkali," alisoma.

Dorcas alilifungua kila neno pale dirishani. Zillah aliinama na kuandika.

"Maji yakichemka hugeuka kuwa mvuke. Mvuke una nguvu ya kusukuma..."

Ilikwenda vizuri kwa mistari mitatu. Kilichoharibu ni utii wa watoto. Walikuwa wameshazoea kumfuata anayetamka vizuri, na bila kukusudia wote wakaanza kungoja dirisha: mkaguzi anamaliza, macho ya watoto sitini kwa mara moja yanapanda juu ya bega lake, yanashuka, yanaandika. Bwana Fenwick hakuwa mjinga. Mstari wa nne aliukatisha katikati, akageuka ghafla, na kukutana uso kwa uso na mwanamke mwenye shali, mdomo wazi kabisa katika neno "magurudumu". Ndoo iliteleza na mwanamke akatoweka.

Mwalimu alimwingiza ndani anachechemea. Mwalimu Crabtree alikuwa amegeuka rangi ya chokaa. Alisema mara mbili kwamba hakuhusika, na kwamba mwanamke huyu alionywa. Mkaguzi alimnyamazisha kwa mkono.

"Ulikuwa unampa nani majibu?"

"Sikumpa mtu jibu, bwana. Nilimpa mwanangu maneno yako yale yale. Yule pale. Hasikii."

"Hasikii vizuri?"

"Hasikii kabisa. Nimejua juzi." Alimtazama Zillah, akaendelea. "Mimi mama yake nimejua juzi tu, bwana, kwa hiyo simlaumu mwalimu. Lakini akifutwa leo anachukuliwa."

Mwalimu alieleza habari ya barua. Mkaguzi alisikiliza, akaangalia orodha, na Dorcas aliona kalamu yake imeshalifikia jina. Kanuni iko wazi, Bwana Fenwick alisema, na alisema kwa huzuni: imla husomwa na mkaguzi mwenyewe, si kwa kinywa cha mtu mwingine yeyote.

"Basi msomee wewe," Dorcas alisema.

"Nimeshasoma, mama. Umeniambia hasikii."

"Weka karatasi chini, bwana. Mtazame. Toa maneno kwa mdomo tu, sauti ibaki nyumbani."

Nadhani kilichomwokoa Zillah wakati ule ni kwamba mkaguzi alikuwa kijana, na vijana hawajachoka kutaka kujua mambo. Aliweka karatasi juu ya meza. Alimtazama mtoto wa safu ya tatu, akaona aibu kidogo, akajikohoza, kisha akachezesha midomo bila sauti, polepole, kwa urefu wa sentensi mbili.

Kalamu sitini zilianza kukwaruza.

Bwana Fenwick alitazama kulia na kushoto. "Nimesema naye peke yake," alimwambia Dorcas.

"Hawa ni watoto wa wafumaji, bwana. Kwao umepaza sauti."

Mwalimu Crabtree aliuliza kwa chini kidogo mkaguzi amesema nini. Katika chumba kile chenye watu sitini na watatu ni yeye tu aliyekuwa hajui. Hakuna aliyemjibu kwa dharau. Kwa hilo nawasifu watoto wetu. Zillah alikuwa amemwona akigeuza kichwa kama mtu aliyepotea njia, na hali hiyo aliijua kuliko mtu yeyote. Alisimama, mikono nyuma kama sheria inavyotaka, akamweleza kwa sauti yake ile ya chini.

"Mashine kumi na mbili zimefuma vipande mia moja arobaini na vinne, Mwalimu. Kila mashine imefuma vingapi. Ni kumi na viwili."

Mwalimu alikaa kitini.

Bwana Fenwick alivuta kiti, akakaa mbele ya Zillah magoti kwa magoti, akaanza imla upya tangu chuma na moto, bila sauti, mistari minane. Mtoto aliandika akakosea neno moja. Akapewa kitabu asome kwa sauti, akasoma ukurasa mzima. Kisha mkaguzi akawaambia mama na mtoto wangoje uani, akafunga mlango.

Uani jua lilikuwa kali na ndoo bado imelala ubavuni. Kupitia kioo cha dirisha la juu waliwaona wanaume wawili kuanzia kifuani, wamesimama jukwaani karibu na meza. Dorcas alijua dakika zake za Jabez Holt zinakwisha, lakini kulikuwa na deni la kulipwa kwanza. Alichuchumaa mbele ya binti yake ili nyuso zilingane.

"Nilikupiga," alisema kwa midomo. "Ulisema kweli nikakupiga. Nisamehe mwanangu."

Zillah alitikisa kichwa kuonyesha kwamba yamekwisha. Kulikuwa na jambo jingine lililomkera tangu Jumanne.

"Siku ile ulipokuja darasani, wote waligeuka. Walijuaje umekuja? Hawakuwa wanakutazama."

"Nilikuita."

"Uliniita kwa nini?" Akaona mama hajaelewa, akaongeza: "Kwa kitu gani? Ulitumia nini?"

Dorcas alidhani alikwisha kulia machozi yake yote Jumanne usiku. Hakuyaruhusu. Aliuchukua mkono wa mtoto, akauweka kooni pake chini ya kidevu, akaita kwa sauti: Zillah. Akaita tena. Macho ya mtoto yalipanuka. Alijigusa koo lake mwenyewe, akasema jina lake, akagusa tena la mama.

"Kama sakafu ya kiwandani," alisema. "Kumbe watu wote wana mashine shingoni?"

"Wote."

"Na ndiyo wanayoisikia? Hata wakiwa wamegeuka?"

"Ndiyo, mwanangu. Wewe yako inafanya kazi. Ni masikio yaliyoharibiwa na homa. Ndiyo maana hukumpata mwalimu. Si ujinga wako, wala si kiburi."

Zillah alilitafakari hilo. Dorcas alingoja uso uvunjike, na haukuvunjika. Kilichokuja pale ni nafuu, ya mtu aliyebeba mzigo wa watu miezi mitano na sasa ameambiwa autue. Kisha macho yake yakahama, yakapita juu ya bega la mama mpaka kwenye kioo.

"Wanakusema," alisema.

Dorcas aligeuka. Kwake vilikuwa vivuli viwili. "Nani? Wanasema nini?"

"Mkaguzi anasema kanuni imeandika mkaguzi asome." Zillah alikunja uso kwa kukaza macho. "Haikuandika asome kwa kiungo gani. Anasema kama kuna kosa ni lake, atalieleza yeye London. Sasa Mwalimu anajibu."

"Anajibu nini?"

"Sijui, Mama."

Walingoja. Ndevu zilitembea muda mrefu nyuma ya kioo, na Dorcas aliyesimama bila kutetereka mbele ya mkaguzi alijikuta anaushika mkono wa mtoto kwa nguvu kupita kiasi.

"Mkaguzi anasema, si kazi kubwa, ni kugeuka tu. Anasema, utamweka safu ya mbele. Anasema..." Zillah alisogea hatua moja mbele. Kisha midomo yake ikaenda haraka. "Anasema hiyo barua nipe mimi. Ameikunja. Ameitia mfukoni mwake, Mama. Mfukoni mwake."

Dorcas aliufunika uso kwa shali. Alipoutoa, Mwalimu Crabtree alikuwa amekuja dirishani. Alimtafuta mtoto uani, akampata. Alisimama pale, mtu mzima mwenye cheti, mkaguzi nyuma yake akimwangalia. Kisha akainua mkono, akazitenga sharubu kwa vidole viwili, moja huku na moja huku, mdomo wake ukaonekana kwa mara ya kwanza, mwekundu na wa kawaida tu, akautanua bila sauti.

"Kasema nini?" Dorcas aliuliza.

"Nadhani anasema nimefaulu." Zillah alikuwa amekaza macho kama fundi. "Lakini anatamka vibaya mno."

Alikwenda mpaka chini ya dirisha, akainua uso, akatikisa kichwa kumwambia hapana. Akalifungua neno mbele ya mwalimu wake, polepole, pande zake zote, amwonyeshe linavyokaa mdomoni. Mwalimu akajaribu tena.